NORMAN BORLAUG: MTU ALIYEIFUPISHA NGANO

Mwenyekiti wa Chama cha Kiswahili alipotuambia kila mwanachama aandike maisha ya mtu maarufu aliyekwisha kufa, wenzangu wa kidato cha tatu walikimbilia majina tunayoyajua sote. Mmoja alimchukua Mekatilili wa Menza, mwingine Shaaban Robert, na wawili wakamgombania Wangari Maathai hadi mwalimu akaingilia kati. Mimi nikasema nitaandika juu ya Norman Borlaug. Darasa zima lilicheka. Waliniuliza huyo ni mchezaji wa timu gani. Leo nataka kuwajibu, na mkinivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba ule mkate mnaoula wakati wa mapumziko unamhusu sana.

Kwanza nieleze kilichonipeleka kwake. Nyumbani kwetu tunalima mahindi na karo yangu inatoka humo. Mwaka juzi mahindi ya nyanya yangu yalikuwa marefu ajabu. Yalikuwa ya kijani kibichi na watu waliopita barabarani walisimama kuyasifu, hata nyanya akawa anatembea kifua mbele. Kumbe ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Usiku mmoja ilinyesha mvua ya upepo, na kulipopambazuka nusu ya shamba ilikuwa imelala chini kama mkeka. Yale yaliyobaki wima nayo yalikuwa yamebeba mahindi madogo madogo yasiyolingana na mwili wake. Tulipata magunia machache tu, na muhula uliofuata nilikaa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya karo.

Niliporudi nilimwuliza mwalimu wetu wa Kilimo inawezekanaje mmea mkubwa namna ile utoe chakula kidogo namna ile. Hakunijibu papo hapo. Alitupeleka kwenye shamba la shule, tukang'oa mimea michache iliyokomaa, tukaianika mpaka ikakauka kabisa. Kisha tukapima punje peke yake, na mabua na majani peke yake. Mabua na majani yalikuwa mazito kuliko punje! Tulidhani mizani imeharibika. Hapo ndipo mwalimu alipotutajia jina la Borlaug, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari zake kila ninapopata nafasi.

Norman Ernest Borlaug alizaliwa tarehe 25 Machi 1914 katika shamba la babu yake karibu na mji mdogo wa Cresco, jimbo la Iowa, nchini Marekani. Ukoo wake ulikuwa umehamia huko kutoka Norwe. Tusidhani kwamba kwa kuwa ni Mmarekani basi alizaliwa na kijiko cha dhahabu mdomoni. La hasha! Tangu utotoni alikamua ng'ombe, alilisha nguruwe na kuku, akavuna mahindi na shayiri kwa mikono yake. Shule yake ya kwanza ilikuwa na chumba kimoja tu na mwalimu mmoja aliyefundisha madarasa yote. Babu yake, mzee Nels, ndiye aliyemsukuma asome. Mzee huyo mwenyewe hakuwa na elimu kubwa, lakini alimwambia mjukuu wake mara nyingi kwamba ni heri kujaza kichwa sasa ili aweze kujaza tumbo baadaye.

Katika shule ya upili Norman alisifika kwa mchezo wa mieleka. Mwaka 1933 alikwenda Chuo Kikuu cha Minnesota, akafanya mtihani wa kuingia, akaanguka. Ndiyo, ndugu msomaji, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel alianguka mtihani wa kuingia chuo! Bahati yake ni kwamba chuo kilikuwa kimefungua kitengo cha wanafunzi ambao hawajafikia kiwango, akaanzia huko. Alijitahidi, akahamishiwa kwenye masomo ya kilimo na misitu. Wakati huo uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka vibaya na watu wengi hawakuwa na kazi. Ili apate pesa za masomo Norman alikuwa akiacha chuo kwa muda na kufanya vibarua. Mwaka 1935 alisimamia vijana waliopewa kazi na serikali ya nchi yao, na wengi wao walifika wakiwa wamekonda kwa njaa. Aliona jinsi chakula kilivyowabadilisha mwili na hata tabia. Jambo hilo lilimkaa moyoni maisha yake yote.

Siku moja chuoni alihudhuria mhadhara wa Profesa Elvin Stakman kuhusu ugonjwa wa kutu ya ngano. Kutu hii si ile ya mabati. Ni kuvu wanaoshambulia bua na majani, wakaacha vidonda vya rangi ya kahawia nyekundu kama chuma kilichoshika kutu, na mbegu zao huchukuliwa na upepo kutoka nchi hadi nchi. Kuvu hao hunyonya chakula ambacho mmea ulikuwa unakipeleka kwenye punje. Mkulima analala akiwa na shamba zuri, baada ya wiki chache anavuna masuke yenye punje zilizosinyaa. Borlaug aliutoka mhadhara huo akiwa ameamua atasomea magonjwa ya mimea. Mwaka 1937 alimwoa Margaret Gibson, na mwaka 1942 akapata shahada ya udaktari.

Baada ya hapo alifanya kazi katika kampuni ya DuPont, kazi ya maabara yenye mshahara mzuri. Lakini mwaka 1944 aliiacha akaenda Meksiko, kwenye mradi wa Wakfu wa Rockefeller pamoja na serikali ya nchi hiyo. Wakati huo Meksiko ilikuwa inanunua ngano nyingi kutoka nje kwa kuwa kutu ilikuwa imemaliza mashamba, na udongo ulikuwa umechoka. Alimwacha mkewe nyuma akiwa mja mzito. Mtoto huyo, aliyekuwa wa pili wao, alizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo na akafa angali mchanga. Nimelitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi tukisoma habari za mashujaa tunaona tuzo peke yake. Hatuoni walichopoteza.

Kazi aliyoifanya Meksiko ilikuwa ya kuchosha kupita kiasi. Ua la ngano ni dogo na lina kiume na kike pamoja, hivyo hujizalisha lenyewe. Ukitaka kuchanganya aina mbili za ngano, inakubidi ulifungue kila ua kwa kibanio kidogo, utoe sehemu za kiume kabla hazijakomaa, ulifunike suke kwa mfuko wa karatasi, kisha baada ya siku chache ulete chavua kutoka kwa ngano nyingine. Borlaug na wenzake wa Meksiko walifanya hivyo mara maelfu, wakiwa wameinama juani kutwa. Mbegu zilizotokea walizipanda, zilizoshikwa na kutu wakazitupa, na zile chache zilizosalimika wakazitunza.

Hapa wasomaji wa Kenya tutege masikio. Baadhi ya ngano alizotumia kupata nguvu ya kukinza kutu zilitoka nchini mwetu. Kenya ilikuwa imesumbuliwa na kutu tangu walowezi walipoanza kulima ngano Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa hiyo watafiti wa huku walikuwa na mbegu zilizozoea vita. Mojawapo ya ngano za kwanza za Borlaug iliitwa Kentana. Jina hilo limetokana na Kenya na Mentana, na Mentana ni ngano iliyotengenezwa Italia na Nazareno Strampelli. Basi mkisikia watu wakisema Afrika huwa inapokea tu, waambieni habari za Kentana.

Borlaug hakuwa na subira ya kungoja. Kwa kawaida ngano hupandwa mara moja kwa mwaka, na kupata mbegu mpya kulichukua miaka kumi au zaidi. Yeye akaamua kupanda mara mbili. Wakati wa baridi alipanda kule Sonora, kaskazini mwa nchi, kwenye bonde la joto karibu na bahari. Akishavuna alizibeba mbegu zilezile mbio hadi nyanda za juu za Toluca, zaidi ya kilomita 1,000 kusini, mahali pa mvua na baridi, akazipanda wakati wa kiangazi. Wakubwa wake walipinga. Wataalamu wa siku hizo waliamini kwamba mbegu lazima ipumzike kwanza ndipo iote. Mambo yalifikia hapo akaandika barua ya kujiuzulu, na ni Profesa Stakman aliyewasuluhisha. Kule Sonora alikuta kituo kilichoachwa kikachakaa, hakina mashine, akawa analala humo humo na kulima kwa mikono.

Mbona hakukubali yaishe? Matokeo yalimpa haki. Alipunguza muda wa kazi karibu nusu. Zaidi ya hayo, mbegu zilizofaulu kote kuwili zilikuwa hazijali urefu wa mchana wala tofauti ya hali ya hewa, kwa hiyo zingeweza kuota katika nchi nyingi. Kufikia mwaka 1956 Meksiko ilijitosheleza kwa ngano.

Lakini sasa likatokea tatizo jipya, na tatizo hili ndilo lililofanana na lile la nyanya yangu. Ngano ile ilikuwa ndefu. Mkulima akitia mbolea nyingi, suke lilikuwa zito, bua likawa refu na laini, upepo ukivuma linalala. Ngano iliyolala huoza au kuliwa na panya, na huwezi kuivuna vizuri. Kwa hiyo mbolea, ambayo ingekuwa baraka, iligeuka kuwa balaa.

Dawa yake ilitoka mbali. Huko Japani, mwaka 1935, mtafiti Gonjiro Inazuka alikuwa ametoa ngano fupi iliyoitwa Norin 10. Ilikuwa na kimo cha sentimita 60 hivi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Mmarekani Cecil Salmon aliiona huko akapeleka mbegu kwao mwaka 1946. Orville Vogel wa jimbo la Washington akaichanganya na ngano za huko, kisha akampa Borlaug punje kidogo. Jaribio la kwanza la Borlaug liliisha vibaya, kutu ilifagia mimea yote. Alikuwa ameweka akiba ya punje chache, akajaribu tena kwa hizo. Safari hii alifanikiwa. Mwaka 1962 zilitolewa ngano fupi mbili, Pitic 62 na Penjamo 62, na baadaye zikafuata Sonora 64 na Lerma Rojo 64.

Sasa tufike kwenye siri yenyewe, maana hapa ndipo mizani ya shule yetu inapoingia. Mmea hauli udongo. Ukikausha ngano yote, karibu sehemu nne kati ya kumi za uzito wake au zaidi kidogo ni kaboni, na kaboni hiyo yote imetoka hewani. Majani huvuta gesi ya kabonidayoksaidi, na kwa nguvu za jua huiunganisha na maji kuwa sukari. Kazi hii huitwa usanidinuru. Sukari hiyo ndiyo mshahara wa mmea. Sasa swali ni je, mmea huutumiaje mshahara wake?

Mwanzoni, ngano ikiwa changa, sukari nyingi huenda kwenye mizizi na majani. Ni kama mtu anayeanza biashara, hununua vifaa kwanza. Baada ya wiki kadhaa bua huanza kurefuka kwa kasi, na wakati uleule suke dogo limeanza kukua likiwa limefichwa ndani ya majani. Hapo ndipo kuna ugomvi. Bua linataka sukari na suke linataka sukari, na mshahara ni ule ule mmoja. Bua likichukua nyingi, maua mengi madogo ya suke hufa kabla hayajafunguka, na ua lililokufa haliwezi kuwa punje. Ikishachanua, mizizi karibu huacha kukua na sukari yote sasa inaelekea kwenye punje. Majani ya juu kabisa, hasa lile la mwisho lililo chini ya suke, hufanya kazi kubwa, na suke lenyewe likiwa bado kijani husaidia. Kukiwa na ukame au majani yakiugua, mmea hufungua akiba ya sukari iliyowekwa ndani ya bua na kuihamishia juu. Mwishowe majani hunyauka kwa sababu hata naitrojeni yake imetolewa ikapelekwa kwenye punje. Mmea unajimaliza wenyewe kwa ajili ya watoto wake, kama mama.

Ngano ndefu ilitumia mshahara mwingi kujenga bua. Katika kila kilo 10 za ngano kavu iliyokatwa shambani, punje zilikuwa kilo 3 au zaidi kidogo, iliyobaki ni mabua na majani. Ngano fupi haisikii sana ile homoni inayoamrisha bua lirefuke. Bua likachukua kidogo, suke likapata zaidi, maua mengi yakapona, punje zikaongezeka. Katika kilo 10 zile zile, punje zikakaribia kilo 5. Ajabu ni kwamba uzito wa mmea mzima haukubadilika sana! Jua ni lile lile na hewa ni ile ile, kilichobadilika ni mgawo. Colin Donald wa Australia ndiye aliyekiita kipimo hiki jina la kitaalamu mwaka 1962, na wataalamu wanaona hakiwezi kupita sana kilo 6 kwa 10, kwa sababu mmea usio na bua wala majani hauwezi kujilisha. Borlaug mwenyewe alipoanza alitaka tu ngano isiyolala. Hii faida ya mgawo ilikuja pamoja nayo.

Turudi kwenye maisha yake. Miaka ya 1960 India na Pakistan zilikuwa na watu wengi na chakula kidogo, na wasomi wengine duniani waliandika kwamba hao watakufa kwa mamilioni na hakuna la kufanya. Borlaug hakukubali. Mwaka 1963 alikwenda India kwa mwaliko uliotokana na jitihada za mtaalamu M. S. Swaminathan, na mwaka 1965 nchi zile mbili zikaagiza mamia ya tani za mbegu kutoka Meksiko. Hapo mikosi ikafuatana kama siafu. Hundi ya Pakistan ilikuwa na makosa ya maandishi, malipo yakakwama. Malori yalicheleweshwa mpakani. Yakikaribia bandari ya Los Angeles, mjini mkawa na ghasia kubwa. Meli ilipong'oa nanga India na Pakistan zikaingia vitani. Mbegu zilipofika zilikuwa zimeharibiwa kiasi na dawa ya ghalani na hazikuota vizuri, ikabidi wapande mara mbili ya kipimo cha kawaida. Walipanda huku mizinga ikisikika. Mtu mwingine angekata tamaa akarudi kwao.

Lakini mvumilivu hula mbivu. Mavuno yale yalikuwa mazuri kuliko yote yaliyowahi kuonekana pale. Pakistan ilivuna tani milioni 4.6 za ngano mwaka 1965 na milioni 7.3 mwaka 1970. India ilitoka tani milioni 12.3 ikafika milioni 20.1 katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1968 ngano ilikuwa nyingi India hata maghala yakajaa na baadhi ya shule zikafungwa kwa muda zitumike kama ghala! Najua wengine wenu mtatamani ifanyike hivyo hapa kwetu, hasa wakati wa mitihani.

Mwaka 1970 Borlaug alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Habari ilipofika nyumbani kwake asubuhi yeye alikuwa amekwisha kwenda shambani. Mkewe alimfuata kwa gari kumweleza, na baada ya kusikia aliendelea na kazi yake. Watu waliuliza mbona mkulima apewe tuzo ya amani. Mimi naona ni sawa. Penye njaa hapana amani, na anayebisha aje kwetu jioni ambayo hakuna unga.

Uzeeni alikuja Afrika. Baada ya njaa kubwa ya Ethiopia ya miaka ya 1984 na 1985, tajiri mmoja wa Japani, Ryoichi Sasakawa, alimwomba asaidie wakulima wa bara hili. Borlaug alikataa akidai kwamba amezeeka, ana miaka 71. Sasakawa akamkumbusha kuwa yeye amemzidi miaka 15, basi waanze mara moja. Wakaanza mwaka 1986, pamoja na rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter. Kisha mwaka 1998 kutu mpya iligunduliwa Uganda, ikaitwa Ug99, ikavuka mpaka na kuingia Kenya. Iliweza kuangusha ngano nyingi ambazo zilidhaniwa ziko salama. Borlaug, akiwa na miaka 91, alikuwa miongoni mwa waliopiga kengele mwaka 2005 kuuonya ulimwengu. Ndipo Njoro yetu ikawa mahali ambapo ngano za nchi nyingi zinaletwa kupimwa nguvu zake mbele ya kutu hiyo. Alifariki tarehe 12 Septemba 2009 huko Dallas, Texas, akiwa na miaka 95. Wakati huo wengi wetu wa kidato cha tatu ndio tulikuwa tunazaliwa.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na mwenye sifa naye tumtaje kasoro. Wapo wanaomlaumu Borlaug. Ngano yake ilihitaji mbolea na maji mengi, na mkulima asiye na pesa aliachwa nyuma na jirani yake tajiri. Kule Punjab maji ya visima yameshuka sana na dawa za wadudu zimetumiwa kupita kiasi. Yeye alijibu kwamba kama mavuno ya kila ekari yasingeongezeka, misitu mingi ingefyekwa ili kupata mashamba. Pia huwa inasemwa kwamba aliokoa watu bilioni moja. Hesabu ya namna hiyo ni ngumu kuithibitisha, na hakufanya kazi peke yake. Kulikuwa na Inazuka, Vogel, Swaminathan, na wakulima wengi wa Meksiko, India na Pakistan ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Nilimsimulia nyanya haya yote jioni moja tukipukuchua mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. Kama bua ni dogo, ng'ombe watakula nini? Niliduwaa. Ni kweli, sisi mabua tunalisha ng'ombe, na maziwa ndiyo yananunua madaftari. Nilipompelekea mwalimu swali hilo alifurahi kuliko nilipofaulu mtihani wake. Alisema kila mgawo una mwenye kukosa, na kwamba isitoshe mahindi si ngano, kila zao lina tabia zake, hivyo tusikimbilie kufupisha kila kitu.

Basi msimu huu nyanya ameligawa shamba lake. Upande mmoja amepanda mbegu yake ya zamani, na upande wa pili mahindi mafupi yanayokomaa mapema. Ninapoandika haya yote mawili yamechanua. Upande mrefu bado ndio unaosifiwa na wapita njia. Mimi nimeshaazima mizani ya mwalimu kwa ajili ya siku ya mavuno, na nyanya amesema ng'ombe naye atapigiwa hesabu.

Wenzangu, mtu aliyeanguka mtihani wa kuingia chuo alikuja kulisha mataifa kwa sababu hakuacha kupanda. Tusikate tamaa kwa alama za muhula mmoja. Na ukipita kando ya shamba usisifu urefu kabla hujaona suke. Hapa naweka kalamu chini. Nawatakia wote heri katika masomo yenu.